JE, WAJUA? Sarafu ya kale haisuguliwi!

Wengi wakipata pesa ya shaba ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, ile yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria (1882), hukimbilia ndimu, ukwaju na majivu kana kwamba wanang'arisha sinia. Sarafu hutakata kweli, lakini thamani yake hushuka papo hapo.

• Ule ukahawia si uchafu. Ni utando unaojijenga polepole shaba inapokutana na hewa, nao huikinga sarafu. Wakusanyaji huutafuta kwa hamu.

• Asidi ya ndimu huula utando huo na kuacha wekundu mbichi usio wa asili. Majivu na dawa ya meno huchubua: igeuzegeuze sarafu kwenye mwanga, utaona mikwaruzo myembamba kama nywele.

• Ikiwa na udongo, iloweke katika maji safi yasiyo na chumvi, uyabadilishe mara kadhaa. Ikaushe kwa kuibonyeza na kitambaa laini, bila kusugua.

• Mafuta au gundi huondolewa kwa asetoni halisi, ambayo haili shaba wala fedha. Itumie penye hewa ya kutosha, mbali na moto.

• Ishike kingoni. Jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole yaweza kubaki daima.

Ukiwa na shaka, iache kama ilivyo. Utando uliochukua zaidi ya miaka mia kujengeka huondoka kwa dakika moja, na hakuna fundi awezaye kuurudisha.