Saratani Inapojikinga kwa Walinzi wa Mwili

Saratani inapobisha hodi katika familia, ushauri wa kwanza wa jamaa na majirani huwa ni kumpandisha mgonjwa kinga. Huletwa unga wa majani, mizizi iliyochemshwa na vidonge vya kununua. Nia ni njema. Lakini katika saratani za umio, tumbo, utumbo mpana, ini na kongosho, mara nyingi tatizo si uchache wa askari wa mwili. Ni askari kuzuiwa wasipigane.

Mwili una chembe za kinga zinazoshambulia maradhi, na nyingine zinazotuliza mashambulizi hayo. Mwaka 1995 mtaalamu wa Kijapani, Shimon Sakaguchi, alizibainisha chembe za kutuliza. Mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Bila ya chembe hizo, kinga ingeushambulia mwili wenyewe. Utumbo unazihitaji mno, kwani kila siku hupokea chakula na huishi na bakteria wengi wasiodhuru.

Saratani huitumia vibaya amani hiyo. Uvimbe hutoa kemikali zinazoziita chembe za kutuliza, nazo zikikusanyika huwazuia askari. Adui hukua akilindwa na walinzi wa nyumba.

Zipo dawa za hospitali zinazolegeza breki ya kinga. Huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, hasa ambao chembe za uvimbe wao zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya vinasaba. Wengi hawamo katika kundi hilo. Tena, breki ikilegea, kinga yaweza kuugeukia utumbo na kuleta kuhara kukali. Ndiyo maana dawa hizi hutanguliwa na vipimo na kusimamiwa na daktari.

Basi tusipoteze miezi kwa kupandisha kinga huku uvimbe ukikua. Tukiona mtu wetu anameza kwa shida, anakonda bila sababu, macho yamekuwa ya manjano, au haja kubwa ina damu, tumpeleke hospitali mapema, na tumweleze daktari kila dawa ya miti shamba anayotumia. Wazazi wetu wengi huona haya kuyataja mambo ya chooni. Tuwakumbushe kwa upole kwamba sitara ni kutoitangaza siri ya mgonjwa mitaani, wala si kumficha tabibu.