Mteja yuko Toronto, mzigo umelala forodhani!

Upanga ya siku hizi siyo tena mitaa ya kulala mapema tu. Ukipita kati ya Barabara ya Umoja wa Mataifa na ile ya Ali Hassan Mwinyi, nyuma ya mageti utasikia cherehani zinalia. Akina dada wanashuka Kariakoo asubuhi kuchagua vitenge, keshokutwa gauni liko tayari, picha imepigwa, na mteja mwenyewe yuko Muscat, Leicester au Toronto. Hela inatumwa kwa simu. Mpaka hapo mambo shwari. Kasheshe huanza pale mzigo unapotakiwa kuvuka mpaka.

Jirani yangu mmoja, fundi hodari ambaye jina lake nalihifadhi, alipata oda ya magauni sita ya harusi huko Toronto. Watu wa mtaani wakamshauri eti aandike "zawadi", thamani dola 10, ndivyo wajanja wanavyokwepa ushuru. Naye akaandika hivyo hivyo. Forodha ya Kanada wakafungua: magauni sita mapya, kitambaa kimoja, saizi mbalimbali. Zawadi gani hiyo? Wakamtaka mpokeaji alete uthibitisho wa bei aliyolipa. Barua za kwenda na kurudi zilipokwisha, pilau la harusi lilikuwa limeshaliwa. Fundi akarudisha hela yote, mtaji wa miezi miwili ukayeyuka, na mteja yule hakuagiza tena.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa foleni za Posta kwa miaka mingi, na nikiwa pale huwa nauliza maswali. Nililojifunza ni hili: stempu inalipia safari tu. Kinachofungua mlango ng'ambo ni maandishi yaliyo juu ya bahasha, na anayeyasoma hakujui wewe wala mteja wako.

Tuanze na anwani. Hapa Bongo ukisema "nyuma ya Muhimbili, geti jeusi, uliza duka la Mangi", bodaboda anafika. Huko nje hakuna wa kumuuliza Mangi. Andika kwa herufi kubwa, anwani ya mpokeaji upande wa kulia kuelekea chini, yako juu kushoto, na jina la nchi peke yake mstari wa mwisho. Kila nchi ina mtindo wake. Mwingereza hutanguliza namba ya nyumba kabla ya mtaa, Mjerumani huiweka baada ya mtaa, na postikodi yake ya tarakimu tano hukaa kabla ya jina la mji. Kanada huchanganya herufi na tarakimu kwa kupokezana. Oman, kama sisi, hutumia sanduku la posta, lakini namba ya sanduku peke yake haitoshi, weka na postikodi, kwa mfano 112 kwa Ruwi. Usikisie hata kidogo. Mwambie mteja akutumie anwani kama anavyoiandika mwenyewe, nawe uinakili neno kwa neno.

Na yako je? Wengi wanaiacha, wakidhani ni ya mapambo. Mzigo ukikosa mwenyewe ndiyo njia pekee ya kurudi nyumbani. Andika S.L.P., simu na postikodi ya kata yako, ile ya tarakimu tano, ambayo kwa Dar es Salaam huanza na 1.

Sasa fomu. Barua yenye karatasi tupu haina shida. Ukitia bidhaa, hata hereni moja, unajaza fomu ya forodha. Kwa kifurushi kidogo, kisichozidi kilo 2, chenye thamani isiyozidi kama dola 400 hivi, ni CN 22. Zaidi ya hapo ni CN 23. Hizi ni fomu za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, kwa hiyo karani wa Muscat anaisoma sawasawa na wa Posta Kuu.

Usiandike "nguo" ukaishia hapo. Andika kwa Kiingereza: magauni ya pamba ya kike, sita, uzito huu, bei hii, yametengenezwa Tanzania. Weka na namba ya forodha ya bidhaa. Gauni la kike la kitambaa cha pamba ni 6204.42, na katalogi za biashara ni 4911.10. Ndani ya kifurushi tia ankara yenye bei ile ile. Bei zikipishana, umewaalika wapekuzi mwenyewe.

Zamani karatasi ilisafiri pamoja na mzigo. Tangu mwaka 2021 Ulaya na Marekani zinataka maelezo hayo yatangulie kwa kompyuta kabla ndege haijatua. Kwa hiyo karani akikuuliza jina kamili na simu ya mpokeaji usinune, siyo umbea ule.

Kuhusu kodi, mwambie mteja mapema. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuta msamaha wa VAT kwa mizigo midogo tarehe 1 Julai 2021. Marekani nayo, tarehe 29 Agosti 2025, ilisimamisha msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800. Mteja aliyeambiwa atalipa huku analalamika kidogo. Asiyeambiwa anakataa mzigo mlangoni, na gharama ya kuurudisha unaijua mwenyewe.

Manukato, rangi ya kucha na betri zisizo ndani ya kifaa usizifiche katikati ya nguo. Hizo ndege inaziogopa. Vinyago vya mpingo navyo uliza kwanza, maana mti huo umo kwenye orodha ya CITES tangu mwaka 2017.

Mwisho, risiti. Ile namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ, ndiyo macho yako. Ikianza na E ni EMS, R ni rejista, C ni kifurushi. Ipige picha umtumie mteja siku hiyo hiyo.

Dakika 20 za kujaza fomu zinachosha, nakubali. Lakini mteja wa Toronto hajawahi kuliona duka lako. Cha kwanza anachoshika mkononi ni hiyo bahasha, na hapo ndipo anapoamua kama ataagiza tena. Biashara njema!