Mzuka Asiyejitangaza: Nyumba ya Shamba ya akina Márquez

Katika ngano zetu jini hujitangaza. Sivyo katika Kentucky Route Zero, mchezo wa kompyuta wa Kimarekani uliotolewa kwa sehemu tano kati ya 2013 na 2020. Conway, dereva wa duka la vitu vya kale, anaingia usiku nyumba ya shamba ya akina Márquez (jina hilo, bila shaka, linamwamkia García Márquez). Weaver, mwanahisabati, anamwomba ashughulikie televisheni kuukuu. Kiooni linaonekana shamba la ajabu. Baadaye ndipo tunapofahamu kwamba Weaver alikwisha kutoweka. Hakuna anayeshtuka, na utulivu huo ndio uhalisia wa kimazingaombwe wenyewe. Kinachotisha ni deni: Conway ataishia kuchukuliwa na wafanyakazi ambao ni mifupa mitupu.