Barua ya Mama na Kura ya Wanawake wa Marekani

Tarehe 18 Agosti 1920, mjini Nashville, kijana wa miaka 24 aliingia katika ukumbi wa Bunge la jimbo la Tennessee akiwa amechomeka ua jekundu la waridi kifuani. Ua hilo lilikuwa alama ya wajumbe waliopinga wanawake kupewa haki ya kupiga kura. Kijana huyo, Harry Burn, ndiye aliyekuwa mdogo kwa umri kuliko wajumbe wote. Mfukoni alikuwa na barua ya mama yake.

Mama huyo, Febb Burn, alikuwa mjane mwenye shamba lake, msomaji wa magazeti na mfuatiliaji wa siasa. Hata hivyo, mwanawe alipochaguliwa mwaka 1918, sheria haikumruhusu kumpigia kura mtoto aliyemzaa mwenyewe. Sasa, katikati ya habari za nyumbani, alimwagiza mwanawe awe mtoto mwema, asiwaache watu katika mashaka, aunge mkono kura ya wanawake.

Majimbo 35 yalikwisha kuridhia badiliko hilo la Katiba; lilihitajika la 36. Hoja ya kuliweka kando ilikwama kwa kura 48 kwa 48, naye Burn alikuwa upande wa wapinzani. Lakini jina lake lilipoitwa katika kura yenyewe, alijibu ndiyo. Kesho yake aliwaeleza wenzake kwamba kwa mwana, ushauri wa mama ndio wenye salama zaidi.

Ushindi huo haukuwafikia wote. Katika majimbo ya kusini, wanawake weusi wengi waliendelea kuzuiwa kwa kodi ya kura, mitihani ya kusoma na vitisho, hata ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965.

Na kiti cha uongozi kilikuwa mbali zaidi. Baadhi ya wanawake wa mwanzo waliingia katika Bunge la taifa kwa kushika nafasi za waume zao waliofariki. Shirley Chisholm, aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo mjini New York, hakurithi kiti cha mume. Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge hilo, na mwaka 1972 aliomba chama chake cha Democratic kimteue kugombea Urais. Alipata kura 152 za wajumbe, akashindwa. Alikuwa akisema kwamba katika siasa, uanamke wake ulimletea vikwazo vingi kuliko weusi wake. Kauli nzito, katika nchi yenye historia ile ya utumwa!

Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi mpinzani wake kwa kura karibu milioni 3 za wananchi, lakini wajumbe wa majimbo, ambao ndio wanaomchagua Rais, walimpa ushindi Donald Trump. Mwaka 2024 Kamala Harris, akiwa Makamu wa Rais, alishindwa kwa hesabu zote mbili. Na tangu mwaka 1980, katika kila uchaguzi wa Rais, wanawake wamejitokeza kupiga kura kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume.