Kuichora Usambara Jukwaani

Uchoraji wa mandhari ya jukwaa, yaani ufundi wa kupaka rangi vitambaa na mbao ili mtazamaji aone mlima, ukuta au anga pasipokuwapo, huanza kwa kutazama kabla ya kushika brashi, na kwa sababu hiyo Lushoto, katika milima ya Usambara, ni mahali pafaapo sana kujifunzia. Kutoka ukingo wa Irente, karibu na Lushoto, ambako ardhi huporomoka karibu mita 1,000 hadi kwenye tambarare, mwanafunzi huona kwamba kadiri milima inavyokuwa mbali ndivyo ukijani wake unavyogeuka samawati na kufifia. Kanuni hiyo ndiyo inayolipatia kina pazia la nyuma, yaani kitambaa kikubwa kinachoning'inizwa nyuma ya waigizaji. Mchoro mdogo hugawanywa kwa miraba, kisha kila mraba huhamishiwa kwenye pazia kwa vipimo vilivyokuzwa.

Kuta ni kazi ngumu zaidi. Ukuta wa udongo mwekundu ukipakwa rangi moja huonekana kama karatasi, hivyo fundi huchanganya unga wa mbao katika rangi ili uso uparuze, hupitisha juu ya vinundu brashi iliyokaribia kukauka, kisha hunyunyiza matone ya rangi nzito chini, pale ambapo mvua hurushia matope. Mtazamaji wa ukumbini, akiwa mbali, husamehe mengi, lakini kamera inayosogea karibu haisamehe. Nchini Tanzania, sanaa za maonyesho na uchoraji hufundishwa katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoko pwani, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, ingawa mwanafunzi wa pwani anayetaka kuchora ukungu hana budi kupanda Usambara.