Fahamu: Je, babu na bibi wana haki ya kuwaona wajukuu?

Mzazi akikosana na wazazi wake na kuwafungia mlango, mahakama inaweza kuamuru wawaone wajukuu? Inategemea nchi.

Marekani

Majimbo yote 50 yana sheria inayowaruhusu babu na bibi kuomba haki hiyo, ila kesi ya Troxel dhidi ya Granville iliubana mlango. Baba wa mabinti wawili alifariki mwaka 1993. Mama yao, ambaye hakuwa ameolewa na baba huyo, akapunguza ziara kwa wazazi wa marehemu hadi mara moja kwa mwezi, pamoja na sikukuu. Wazee wakaenda mahakamani, jimbo la Washington. Juni 5, 2000, Mahakama ya Juu ya nchi ilimpa mama ushindi: jaji hawezi kutengua uamuzi wa mzazi anayefaa kulea kwa kuwa tu yeye anaona vingine. Uchungu wa wazee waliokwisha kumzika mwanao haukutosha.

Ufaransa na Uingereza

Ufaransa haki ni ya mtoto mwenyewe, na ni maslahi yake tu yanayoweza kuizuia. Naona msimamo huu ndio unaomtazama mtoto kwanza. Uingereza, kwa kawaida babu na bibi huomba kwanza ruhusa ya mahakama, ndipo wawasilishe ombi lenyewe.