Filimbi ya Kuazima

Jioni ya tarehe 25 Juni 2025, baada ya swala ya Alasiri, banda la kuonyeshea mpira lililo jirani na soko la samaki hapa Bagamoyo lilijaa hata watu wengine wakakalia ndoo zilizofudikizwa. Walikuwamo wavuvi, mafundi wa majahazi, vijana wa bodaboda, na sisi wazazi tuliokuja na watoto wetu huku tukijua kwamba si mahali pa kuja na mtoto. Aghalabu, katika mabanda haya, mazungumzo kabla ya mchezo wa Simba na Yanga humhusu mwamuzi: ni mtu wa mkoa gani, amekulia mtaa gani, nani alimwona akinywa chai na nani. Siku hiyo mazungumzo hayo hayakuwapo. Nahodha mmoja mstaafu alituambia kwa utulivu, "Leo hakuna kisingizio. Huyu katoka Misri. Hana mjomba Jangwani wala shangazi Msimbazi."

Katika kipindi cha pili mwamuzi huyo, Amin Omar, alielekeza mkono kwenye alama ya penalti, na Pacome Zouzoua akaifungia Yanga. Mpira haujarudishwa katikati ya uwanja, sauti ikatoka nyuma ya banda: "Na huyu naye kashanunuliwa!" Watu wakacheka, ingawa si wote. Clement Mzize akaongeza la pili, mchezo ukaisha 2-0, na Yanga ikatwaa ubingwa kwa mara ya nne mfululizo. Tulipokuwa tukiharakia Magharibi, mwanangu mwenye umri wa miaka 11 aliniuliza, "Baba, mwakani watamleta wa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aangalie njia.

Ndugu msomaji atakumbuka jinsi mchezo ule ulivyofika mikononi mwa Wamisri. Ulipaswa kuchezwa tarehe 8 Machi. Simba wakatangaza kwamba hawatacheza, kwa kuwa walizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mchezo. Bodi ya Ligi ikauahirisha. Yanga nao wakashikilia kwamba mchezo umekwisha na pointi ni zao. Kwa zaidi ya miezi mitatu mabaraza ya pwani yote, tangu Bunju hadi Saadani, hayakuwa na hadithi nyingine. Mchezo ulipopatikana, ulipatikana kwa kuazima filimbi ng'ambo. Wala sisemi kuazima ni kosa. Jirani huazimwa kinu, seuze filimbi. Lakini ligi yetu ina timu 16, na kila moja hucheza michezo 30. Hiyo ni michezo 240 kwa msimu. Kuleta Wamisri kwa mchezo mmoja hakukubadili lolote kwa mwamuzi anayepanda basi kwenda kuchezesha mkoani, mahali ambapo mashabiki wamekwisha kumhukumu kabla hajavaa viatu.

Tuliwahi kuona hasira hiyo inavyofika mbali. Tarehe 1 Oktoba 2016, Amissi Tambwe wa Yanga alifunga bao baada ya mpira kumgusa mkononi, na mwamuzi akalikubali. Mashabiki waling'oa viti vya Uwanja wa Taifa. Shiza Kichuya alikuja kusawazisha kwa mpira wa kona uliokwenda moja kwa moja wavuni, bao ambalo katika siku nyingine lingesimuliwa hadi leo, lakini kinachokumbukwa ni viti. Serikali ikazifungia timu zote mbili kuutumia uwanja ule kwa muda. Kosa lilikuwa la mtu mmoja aliyekuwa na nukta moja ya kuamua.

Je, mwamuzi akichoka itakuwaje? Si kuchoka kwa miguu, bali kuchoka na sisi. Wapo waliokwisha kulipata jibu la swali hili.

Uskochi, mwezi Oktoba 2010, mwamuzi Dougie McDonald aliwapa Celtic penalti kisha akaifuta, na baadaye ikabainika kwamba hakusema kweli alipoeleza sababu ya kuifuta. Hilo lilikuwa kosa, tena la ulimi, ambalo ni zito kuliko la jicho. Lakini lawama hazikuishia kwake. Uadilifu wa waamuzi wote ukatiliwa shaka hadharani, na wao wakahofia usalama wao na wa familia zao. Wakapiga kura, wakagoma. Mwishoni mwa wiki ya tarehe 27 Novemba hakuna Mskochi wa daraja la juu aliyepuliza filimbi. Wakuu wa soka wakakimbilia nchi za nje. Baadhi ya walioombwa, wakiwemo wa Poland na Ureno, walijitoa. Waliokubali walitoka Luxembourg, Malta na Israel. Celtic, ambao malalamiko yao ndiyo yaliyowasha moto, walicheza nyumbani na Inverness chini ya Alain Hamer wa Luxembourg, wakatoka sare 2-2. Wiki iliyofuata Waskochi walikuwa kazini tena, na McDonald amestaafu.

Marekani walipitia lililo kubwa zaidi, nalo lilihusu fedha. Katika ligi ya mpira wao, ule wa kubebwa mikononi, wenye timu na waamuzi walishindwa kuelewana mwaka 2012 juu ya mishahara na pensheni. Wenye timu wakawafungia waamuzi nje na kuajiri wengine wa badala, wengi wao wakitoka katika vyuo vidogo na ligi za chini. Kwa wiki tatu watazamaji walishuhudia mambo ya ajabu: waamuzi wasiokumbuka kanuni, michezo iliyorefuka kwa mashauriano yasiyokwisha, makocha waliowakaripia kama watoto. Kisha ukafika usiku wa Jumatatu, tarehe 24 Septemba. Katika sekunde za mwisho Seattle walirusha mpira mrefu hadi eneo la kufungia, wachezaji wawili wa timu pinzani wakauangukia kwa pamoja, na waamuzi wawili wakasimama juu yao bega kwa bega. Mmoja akanyoosha mikono juu kuashiria bao. Mwenzake, kwa nukta ileile, akapunga mikono kuashiria kusimamisha saa. Watu wawili, jambo moja, ishara mbili. Bao likathibitishwa na Seattle wakawashinda Green Bay 14-12.

Kelele za usiku ule zilifika hadi kwa wanasiasa. Siku mbili baadaye mkataba ukapatikana, na tarehe 27 Septemba waamuzi wa zamani waliingia uwanjani mjini Baltimore. Uwanja mzima ukasimama kuwapigia makofi. Hao ni watu ambao kazi yao kwa miaka mingi ilikuwa kuzomewa. Sina shaka kwamba kabla ya usiku kwisha walikuwa wanazomewa tena, lakini makofi yale yalipigwa, na yalikuwa ya kweli.

Hapa kwetu mwamuzi hana mshahara wa kugomea. Hulipwa kwa mchezo, pamoja na nauli na posho ya kujikimu, na malalamiko ya malipo kuchelewa yamesikika msimu baada ya msimu. Wengi wana kazi nyingine zinazowalisha. Ana chama chake, FRAT, ana mtihani wa mbio wa kufaulu, na ana kamati itakayomwita akikosea. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumtetea akipatia. Mama zetu na dada zetu wamo pia katika kazi hii: Jonesia Rukyaa ndiye aliyechezesha mchezo wa ligi wa Simba na Yanga wa tarehe 20 Februari 2016, ambao Yanga ilishinda 2-0. Wanaume waliokwenda kumtafutia kosa siku ile walirudi na maoni machache kuliko kawaida yao.

Lakini swali la mwanangu halikujibiwa Dar es Salaam wala Baltimore. Lilijibiwa hapa mtaani kwetu, nami nimo katika kisa chenyewe.

Michezo ya vijana wa mitaa yetu ilikuwa ikichezeshwa na mshona nyavu mmoja, mtu mpole, ambaye hukimbia taratibu lakini huwapo penye mpira. Posho yake ilikuwa ndogo, na wakati huo alikuwa akidai ya michezo mitatu. Jumamosi moja alikataa bao la timu ya kina mwanangu. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama kando ya uwanja, na maneno niliyoyatoa sitayaandika katika kurasa zinazosomwa na familia. Nililitaja tumbo lake. Nilitaja pia njaa, nikimaanisha rushwa. Binti yake anasoma madrasa moja na mwanangu. Jumatatu wenzake walimwimbia wimbo kuhusu baba yake mwizi, na mwanangu alikuwa mmoja wa waimbaji. Wimbo huo aliutoa wapi, hapakuwa na haja ya kuuliza.

Jumamosi iliyofuata yule bwana hakutokea. Aliituma filimbi kwa mtoto wa jirani, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Waandaaji wakamleta kijana wa bodaboda kutoka upande wa Kerege, kwa hoja ileile ya nahodha mstaafu: hana ndugu hapa. Kwa kweli hakuwa na ndugu. Hakujua pia kwamba mstari wa upande wa bahari hufutwa na mbuzi na hukadiriwa kwa mnazi wa pili. Hakujua ni kijana gani hujiangusha, wala yupi akiumia kweli hanyanyuki. Akawa anapuliza kila penye vumbi. Kufikia dakika ya 50 timu moja ilikuwa imeng'oa milingoti ya goli na kuondoka nayo, kwa kuwa milingoti ilikuwa mali yao.

Jumamosi ya pili hapakuwa na mchezo.

Ndipo wazee watatu wakaenda barazani kwake baada ya Isha, nami nikachukuliwa kama mtuhumiwa. Aliendelea kushona wavu wake tulipokuwa tukisalimiana. Alisema mambo mawili tu. La kwanza, deni lake lilipwe, na kuanzia hapo posho iwe mkononi kabla ya mpira kuanza, kwa sababu mtu anayedai hawezi kuonekana hadai. La pili alilielekeza kwangu. "Bwana, kwamba sikuona vizuri, hilo sema hata kesho. Mimi nina macho mawili na wachezaji ni 22. Lakini umesema nimekula. Nimekula nini, wapi, kwa nani?" Akaniwekea kimya. Nikasema sina ninalolijua. Akamwita binti yake aje kusikia, nikalisema tena mbele yake.

Deni likachangwa usiku uleule, noti na sarafu juu ya mkeka. Mwanangu alikwenda mwenyewe siku ya pili. Walizungumza nini na yule binti sikuambiwa.

Jumamosi iliyopita filimbi ilirudi kwa mwenyewe. Dakika kumi kabla ya mwisho, mchezo ukiwa sare, alitoa penalti dhidi ya timu ya mwanangu kwa mpira uliomgonga beki wetu. Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Nilitazama baharini, nikahesabu ngalawa zilizokuwa zikirudi, hadi mpira ulipowekwa na kupigwa na kufungwa.

Ulimgonga begani. Nilikuwa hatua sita tu kutoka pale.